Naombeni ushauri: nimeambiwa nifanye sanaa "na jamii" huku bondeni Msimbazi, nianzie wapi na kazi ibaki kwa nani?

mchora_mabango

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mchora mabango na kuta, nipo Kigogo, Dar. Kazi zangu nyingi ni saluni, bucha, chekechea, migongo ya bajaji, ila miaka ya karibuni nimeanza kuchora na vitu vyangu mwenyewe vya maonyesho. Sasa kuna shirika limenifuata (naomba nisilitaje) wanataka sanaa shirikishi, yani nisichore peke yangu, nikae na wakazi wa bondeni, wale ambao kila masika maji yanawaingia hadi chumbani, tutengeneze kazi pamoja kuhusu mafuriko halafu ionyeshwe kwanza hapa mtaani na baadae iende nje ya nchi. Hela ipo, sio nyingi sana ila ipo, na wanataka ndani ya wiki sita iwe imekamilika, kutakuwa na mpiga picha na mtu wa video.

Kazi naitaka kiukweli. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba watu wa huku wameshahojiwa mno. Tangu yale mafuriko ya Desemba 2011 ambapo wengine walihamishiwa Mabwepande, kila mwaka anakuja mtu na karatasi, mara wanafunzi wa chuo, mara waandishi, mara mradi, watu wanaeleza shida zao upya kisha yule mtu haonekani tena. Nilimgusia mama mmoja anayekaanga samaki hapa njiani akaniuliza moja kwa moja, "sisi tunalipwa au ndio soda na biskuti kama siku zote?" Sikuwa na jibu kwasababu kwenye bajeti niliyoonyeshwa wakazi wamewekewa "viburudisho" tu.

Kwahiyo nauliza: wanaoshiriki walipwe au haifai? Kazi ikiisha ni mali ya nani? Na watu thelathini wakishika brashi ukuta mmoja, hicho kitakachotoka bado kitakuwa sanaa au itakuwa fujo tu? Mwenye mifano ya kweli ya miradi ya hivi, popote duniani, anisaidie. Nadharia nimeshaletewa nyingi kwenye makaratasi yao.

---

msee_wa_reli

Niaje mkuu. Mimi ni wa Kibera, nakupa mifano miwili ya hapa kwetu ulinganishe mwenyewe.

Wa kwanza ni JR, yule Mfaransa wa mapicha makubwa, alikuja Januari 2009 na mradi wake wa Women Are Heroes. Alipiga picha akina mama wa hapa, macho na nyuso, akazichapisha kubwa ajabu akafunika mapaa ya nyumba, kama mita za mraba 2,000 hivi. Halafu treni nayo ikabandikwa macho kwa mabehewa, na kwa ule mteremko chini ya reli zikawekwa mabati zenye nusu ya chini ya uso, pua na mdomo, so treni ikipita macho yanakuja yanakaa juu ya midomo na kwa sekunde chache uso unakuwa mzima. Hio kitu ilikuwa kali sana, sitasema uongo. Na kuna jambo moja alifanya namheshimu nalo mpaka leo: hakutumia karatasi kwa paa, alitumia vinili haipitishi maji, kwa hivyo mwenye nyumba alibaki na paa halivuji. Watu walikubali kwa sababu walikuwa wanapata kitu wanachohitaji, sio kuonekana tu.

Lakini sasa angalia upande ule mwingine. Zile picha ziko kwa vitabu, kwa filamu, kwa magalari ya dunia, na jina lililo juu ni moja. Mama alitoa uso na hadithi yake. Uamuzi wa itakuwa nini, itawekwa wapi, itauzwa vipi, huo haukuwa wake. Sisemi ni kosa, ruhusa iliombwa na watu walijua wanaingia nini, nasema tu ujue hio ni aina gani ya ushirikiano usije ukaiita jina lingine.

Wa pili ni wa mwaka mmoja nyuma, 2008, baada ya uchaguzi wakati Kibera ilikuwa inawaka. Solo 7, msanii wa hapa hapa, alichukua rangi na brashi akaanza kuandika ujumbe wa amani kila mahali, kwa kuta, kwa milango, kwa vibanda, kwa lami, mahali watu walikuwa wanachomeana nyumba. Herufi za kawaida tu. Hakuna mtu wa huku hakuziona. Na wewe kama mchora mabango utapenda kujua kwamba Maasai Mbili, hicho kikundi cha wasanii wa Kibera, kilianzishwa 2001 na wachora mabango wawili, Gomba na Kota, walikuwa wanazunguka wamevaa shuka za Kimaasai wakitafuta kazi za kuandika majina ya hoteli na kinyozi. Studio yao iko katikati ya mtaa, mtoto anaingia, mlevi anaingia, mtu yeyote anaingia. Kwa hivyo hio bidhaa unatafutiwa na shirika, ya msanii kukaa na watu, wewe tayari uko nayo. Umeishi hapo, unajulikana kwa jina. Wao ndio wanakuhitaji, usiende ukiwa umeinamisha kichwa.

---

rangi_na_mabati

Naongezea hapo kwa msee, lakini mimi naenda Mukuru, mtaa mwingine wa mabati hapa Nairobi.

Kuna Wajukuu Art Project, Lunga Lunga, ndani ya Mukuru. 2022 walienda documenta ya 15, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel Ujerumani, ile iliyosimamiwa na ruangrupa, kikundi cha wasanii wa Jakarta. Kwa ule mlango wa documenta Halle walijenga njia ya mabati yenye kutu, unaingia kwa giza kama unaingia nyumba za mtaani, watu wa Ulaya wakawa lazima wapite hapo kwanza ndio wafike kwa maonyesho. Ndani kulikuwa na kazi ya Ngugi Waweru ya visu vilivyonolewa mpaka vikabaki vyembamba, imepewa jina la methali ya Kikuyu, kwamba kisu kikali humkata mwenyewe. Mwaka huo huo Kassel iliwapa tuzo ya Arnold Bode.

Sasa hio ndio sehemu watu hukumbuka. Mimi nataka uangalie kile kilikuja kabla. Hawa watu walikuwa wameshakaa zaidi ya miaka kumi na tano wakifundisha watoto wa mtaa kuchora wikendi, bila kamera, kabla Kassel haijawajua. Walipoalikwa hawakuenda kutafuta jamii ya kushirikisha, walikuwa jamii. Ndio maana nikiona hizo wiki sita zako roho inanisumbua. Wiki sita inatosha kupaka ukuta. Kukaa na watu mpaka wakwambie kile hawajamwambia mwandishi wa habari, haitoshi, na hata wewe mwenye kuishi hapo haitoshi.

Kitu kingine cha ile documenta unaweza kuiga: vikundi viliweka sehemu ya pesa kwa chungu kimoja wakawa wanaamua pamoja itumike vipi. Kwenu Tanzania mna vikoba kila mtaa, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Sehemu ya wakazi ipitie kwa kikoba ambacho tayari kipo, kina katibu, kina daftari, watu wanakiamini. Usifungue kamati mpya, kamati mpya ndio huzaa vita.

Na kulipwa, ndio, walipwe. Mpiga picha analipwa, dereva analipwa, wewe unalipwa, sasa yule ambaye nyumba yake imejaa maji na bila yeye hakuna mradi, yeye ndio apewe soda?

---

mutoto_wa_lushi

Jambo bandugu. Mimi niko Lubumbashi. Hapa kwetu tuko na Picha, kikundi ya basanii kama Sammy Baloji na wenzake, tangu 2008 banafanya bienale (maonyesho ya sanaa ya kila miaka mbili) ndani ya muji, lakini mfano yenye nataka kuleta ni ya mbali na Katanga, ni ya Lusanga, kule Kwilu, upande ya Kikwit.

Lusanga zamani baliita Leverville, juu ya Lever, yule Mwingereza wa sabuni, alipewa mashamba ya ngazi (michikichi, vile munasema) na Babelji mwaka 1911. Batu balitumikishwa kwa nguvu kukata ngazi. Na mafuta ile ilijenga utajiri mingi sana Ulaya, Lever mwenyewe alijenga nyumba ya sanaa kule Uingereza, Lady Lever, ilifunguliwa 1922, na kampuni Unilever yenye ilitoka mule njo ilikuja kulipia maonyesho kubwa ya Tate Modern, jumba ya sanaa kule London, kuanzia 2000 mpaka 2012. Kumbe shamba ya Kongo ilikuwa inalipia sanaa tangu zamani, lakini sanaa haikurudi ku shamba hata siku moja.

Sasa 2014 batumishi ya mashamba bakatengeneza kikundi yao, CATPC. Banachonga sanamu na udongo ya mtoni, banaipima na mashini, kisha kule Amsterdam inamwagwa upya kwa kakao na mafuta ya ngazi, sanamu ya chokoleti kabisa. Mwanzoni wa 2017 bilionyeshwa SculptureCenter ku New York. Feza yenye inatoka mule inarudi Lusanga kununua udongo. Ndio, kununua shamba, ile ile ya zamani, karibu hekta 200 sasa, banapanda miti na vyakula mule. Mwaka ule wa 2017 bakafungua na jumba ya maonyesho nyeupe pale pale katikati ya mashamba, iliyochorwa na OMA, ofisi kubwa ya Buholanzi.

Kisha kuna habari ya Balot. Balot alikuwa Mbelji, aliuawa 1931 wakati Bapende, kabila ya kule, balikataa kazi ya nguvu. Batu bakachonga sanamu yake kufunga roho yake. Ile sanamu ilinunuliwa 1972 na mwalimu mmoja Mumarekani, leo iko ku musée ya Virginia kule Richmond. CATPC baliiomba miaka na miaka. 2024 njo ilikubaliwa ku kopesha, ikarudi Lusanga, na wakati ile ile banaLusanga balikuwa banaonyesha kazi ndani ya jumba ya Buholanzi ku Bienale ya Venise, batu ya Venise banaona Balot kwa vidéo tu. Mwenye kutaka kumuona na macho ingebidi aende Lusanga.

Batu mingi balimusema vibaya Renzo Martens, yule Muholanzi mwenye alianza hii mambo pamoja nabo, kwamba ni muzungu njo anaongoza. Ni haki kuuliza vile. Mimi nilikuwa nauliza hata sasa. Lakini ile ya udongo njo inanifunga mudomo kidogo. Udongo iko kwa jina ya kikundi. Muzungu akienda kesho, udongo inabaki. Kwa hiyo ndugu ya Dar, mimi sikuulize nani alishika brashi, nakuuliza mradi ikikwisha ni kitu gani iko na jina ya batu ya bondeni juu yake?

---

mchora_mabango

Aisee wakuu asanteni, mutoto_wa_lushi hiyo habari ya kununua ardhi imenikalisha chini. Hela za huku haziwezi kununua hata robo ya kiwanja Dar ila nimeelewa unapoelekea.

Nimepata wazo nataka mnichambulie. Badala ya mchoro mkubwa mmoja, kila mwenye nyumba achore mwenyewe mstari mmoja wa bluu ukutani kwake pale maji yalipofika, aandike na mwaka. Basi. Kuna nyumba itakuwa na mistari mitatu minne. Mtu akitembea mtaa mzima ataona maji kabisa, kama bonde limejaa. Haihitaji mtu kujua kuchora na hakuna fujo ya mabrashi. Mnaonaje?

---

mkazi_tandale

Wazo zuri sana hilo mkuu, limenigusa. Na halianzii hewani, mwaka 2015 ule mradi wa Ramani Huria ulikuwa unafanya kitu kinachofanana nalo japo haukuitwa sanaa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walizunguka kata za bondeni na kwingine wakichora kila nyumba, kila mtaro, kila njia ya maji, wakaingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaiona bure. Kwetu Tandale ilianza hata kabla, 2011. Kabla ya hapo ukifungua ramani ya mtandaoni Tandale palikuwa kama pori, vichochoro vyote havipo. Wakazi ndio walikuwa wanasema hapa maji yanapita hivi, hapa mtaro umezibwa na taka, hapa mwaka jana yalifika kiunoni. Ramani zile zimetumika kwenye mipango ya mafuriko. Kwahiyo ukichukua ile ramani ukaichapisha kubwa ukawapa wazee waiandike juu, tayari umeanza.

---

bi_pindo

Wanangu salaam. Mimi naishi Tanga lakini nimekaa Kigogo miaka mingi, na hilo wazo la mstari ukutani ninaomba mwanangu mchora mabango ulisimamishe kwanza.

Watu wa bondeni wanajua alama ukutani maana yake nini. Ile X nyekundu. Desemba 2015 watu walibomolewa nyumba huko Mkwajuni na bondeni wakiwa wamelala na alama ukutani, na toka hapo mtu akiona kijana na kopo la rangi anasogelea ukuta wake moyo unampasuka. Halafu tufikirie na hili, mtu amechora mwenyewe kwa mkono wake kwamba maji yalifika hapa mwaka huu na huu na huu, kesho anakuja afisa kutathmini nyumba anakuta ushahidi ameshaandikiwa na mwenye nyumba. Fidia ikibishaniwa, ule mstari utamsaidia au utamuumiza? Mimi sijui na wewe hujui, kwahiyo usimtie mtu kwenye hatari hiyo kwa ajili ya maonyesho. Shirika litaondoka, yeye atabaki na ukuta.

Lakini wazo lenyewe usilitupe, lihamishe litoke ukutani liende kwenye kitambaa. Akina mama wa Dar batiki wanaijua, wapo wengi wanapika rangi uani kwao na wengine ndio ada za shule za watoto zinapotoka hapo. Kila nyumba itoe kitambaa chenye urefu wa mtu kusimama. Mwenye nyumba ajipime, maji yalinifika hapa, apake nta juu ya pale, kitambaa kizame kwenye bluu mpaka kimo hicho. Kila maji yalipoingia tena, mzamo mwingine, bluu inakolea. Kitambaa kikikauka unaona kabisa maji yalimfika mtu kifuani, na mtoto wake yalimpita kichwa. Huandiki nyumba namba ngapi, huandiki jina kama hataki.

Na uzuri wake kitambaa ni chake. Siku ya maonyesho kinatundikwa kwenye kamba, vikishatembea huko nje vinarudi, anaweza kujifunga, anaweza kuuza, anaweza kumpa binti yake. Kama wanaweza kuandika na maneno chini kama jina la kanga, waandike wao, usiwatungie. Wanawake wa pwani wamekuwa wakisema mambo mazito kwenye kanga tangu enzi za bibi zetu, kampuni ya Mali ya Abdulla kule Mombasa ipo tangu 1887 na mpaka leo mtu ananunua kanga kwa jina lake kwanza, rangi baadae. Mkiwaachia akina mama watapata jina litakalowatoa machozi hao wageni bila mpiga picha kuwaambia walie.

---

mwl_wa_sanaa

Bi_pindo shikamoo, hapo kwenye X umesema jambo ambalo hakuna mtaalamu angelisema.

Mimi nafundisha sanaa, nimsaidie mchora mabango kwenye swali lake la tatu maana naona wengi mmeliruka. Je bado ni sanaa? Mimi msimamo wangu ni kwamba wema peke yake hautoshi. Nimeshaona kuta nyingi sana zilizochorwa "na jamii", viganja vya watoto vya rangi rangi, dunia imeshikwa na mikono miwili, njiwa, na neno kubwa la kampeni. Kila aliyeshiriki alifurahi siku ile na baada ya mwezi hakuna anayeitazama tena, na watu wa mtaa ule wanastahili kitu kizuri kuliko hicho. Kuwapa kazi dhaifu kwa kisingizio kwamba wao sio wasanii ni kuwadharau.

Siri ipo kwenye kuchagua tendo moja ambalo kila mtu analiweza na lenyewe limebeba maana yote. Mwaka 2002 Francis Alÿs alikusanya watu 500 wenye makoleo nje ya Lima, Peru, wakajipanga mstari mmoja kwenye kilima cha mchanga wakatembea wakichota, na kilima kikasogea sentimita kadhaa tu. Watu 500, sentimita kadhaa, na wote waliokuwepo wanalisimulia. Hata hivyo hapo napo pana la kuuliza, wengi wa waliochota walikuwa wanafunzi wa vyuo, sio wakazi wa makazi duni yaliyozunguka kile kilima.

Mwingine ninayempenda zaidi ni Mierle Laderman Ukeles wa New York. Kuanzia 1979 hadi 1980 alizunguka mji mzima akiwapa mkono wazoa taka wa idara ya usafi, wote, 8,500, mmoja mmoja, na yeye akimshukuru kila mmoja wao kwa kuuweka mji hai. Kazi yenyewe ni kupeana mkono! Ilimchukua karibu mwaka kwasababu alitaka kumfikia kila mtu, zamu za usiku na za alfajiri. Angechukua mia mbili tu akapiga picha angeeleweka vilevile kwenye ripoti, lakini wale 8,300 waliobaki wangejua kwamba hakuwa anawamaanisha wao.

Hiyo ya kuzamisha kitambaa mpaka kimo cha maji ni wazo la daraja hilo hilo, nasema bila kusita. Mtu anarudia kwa mkono wake kile maji yalichomfanyia, ila safari hii anayeamua kimo ni yeye. Kazi yako wewe mchora mabango ni kulilinda: rangi iwe moja, isifife kwenye jua, vitambaa viwe vya kimo cha mtu kweli, vitundikwe vizuri mtu aweze kupita katikati yake, na asije mtu wa shirika akakuambia uongeze nembo katikati. Hapo ndipo ufundi wako unapohitajika na hapo usikubali kura ipigwe.

---

dada_wa_houston

Hamjambo wapendwa, nawasoma kutoka Texas. Nichangie kidogo kwasababu ninaishi karibu na mfano mmoja mkubwa sana.

Hapa Houston, mtaa wa Third Ward ambao ni wa Wamarekani weusi tangu zamani, mwaka 1993 wasanii saba weusi akiwemo Rick Lowe walizichukua nyumba 22 ndogo za mbao zilizokuwa zinangoja kubomolewa, zile nyembamba zilizojipanga vyumba vimefuatana. Zikaitwa Project Row Houses. Lowe anasimulia kwamba kabla ya hapo alikuwa anachora picha kubwa za matatizo ya watu, mpaka mwanafunzi mmoja wa sekondari alipokwenda studio kwake akamwambia matatizo yetu tunayajua hatuhitaji kuchorewa, kama wewe ni msanii unabuni vitu, mbona hubuni suluhisho. Baadhi ya nyumba zikawa za maonyesho ya wasanii, na kuanzia 1996 nyingine wakakaa mama vijana wanaosoma na watoto wao. Lowe alipewa tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya wabunifu hapa Marekani, 2014. Baadae likaanzishwa na shirika dada la kujenga nyumba za bei nafuu.

Nilichotaka kusema ni kwamba nyumba hizo zipo hadi leo, mwaka wa thelathini na kitu, na bado mtaa wenyewe unabanwa, kodi zinapanda, matajiri wanajenga magorofa membamba kila kona. Sanaa haikuzuia hilo. Kwahiyo usiwaahidi watu wa bondeni kwamba kazi yenu italeta mtaro au itazuia bomoabomoa. Waambie kile unachoweza kukitekeleza na uwape kwa maandishi.

---

mchora_mabango

Bi_pindo shikamoo sana mama, mstari wa ukutani nimeuacha, leo leo. Nimeenda kwa yule mama wa samaki nikamweleza ya kitambaa, akasema yake izamishwe mara nne na ya nne mpaka shingoni, akaanza kunitajia majirani. Jioni nimekaa na mwenyekiti wa mtaa, kesho kutwa tunakutana na kikoba cha hapo njia panda.

Kwa shirika nitawapelekea masharti: wakazi walipwe kwa siku kiwango kile kile cha fundi msaidizi, muda uwe miezi sita badala ya wiki sita, na vitambaa ni mali ya waliovizamisha, wao wanaazimwa tu kwa maonyesho na kurudisha ni juu yao. Wakikataa hilo la tatu naiacha kazi.

Bado nina tatizo la picha na video. Hapo mnashauri nini? Watoto watakuwepo wengi.

---

rangi_na_mabati

Safi kabisa mkuu. Kwa picha, ukinyamaza, haki zitabaki kwa mpiga picha au kwa shirika, nyinyi mnabaki kuwa sura. Andikeni kwa mkataba kwamba picha zitumike kwa nini na kwa muda gani, na zikiuzwa au zikitumika kwa tangazo, sehemu irudi kikoba.

---

mkazi_tandale

Na kwa hapa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio suala la hisani tena, ridhaa lazima. Mtoto, mzazi au mlezi ndio aridhie. Fomu iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti kwa asiyesoma, mtu aweze kusema kitambaa changu piga, mimi usinipige. Hakimiliki nayo, kazi iliyofanywa na watu wengi pamoja iandikwe majina ya wote wanaotaka kutajwa, hata kwenye kile kikaratasi cha pembeni ya kazi kule nje, sio "msanii fulani na wakazi wa Msimbazi". Mkataba nakala tatu, ya shirika, yako na ya kikoba.

---

bi_pindo

Marahaba mwanangu. Nta muiyeyushie nje, sufuria ya nta ndani ya sufuria ya maji, watoto wakae mbali. Na bluu chukueni ile ya kupika yenye magadi na haidrosi (dawa ya kuyeyushia rangi), ile ya baridi ya bei rahisi ikipigwa jua la Dar wiki mbili inakuwa kijivu. Mkipata tarehe mniambie, nauli ya basi kutoka Tanga ninayo.